Kompyuta Imejaa: Futa kwa Uangalifu



Siku hizi kompyuta zimeingia vijijini. Nyingine ziko shuleni, nyingine ziko katika ofisi za ushirika. Nyingine zimeletwa nyumbani na kijana anayefanya kazi mjini. Mara nyingi ni kompyuta iliyokwisha kutumika. Inafanya kazi vizuri mwaka mmoja au miwili. Halafu siku moja inaanza kwenda polepole. Ukitaka kuhifadhi barua, inakataa. Kwenye kioo yanatokea maneno kwamba nafasi imekwisha.

Hapo watu wengi huanza kufuta kila wasichokijua. Hii ni hatari. Tuseme katibu wa kikundi cha VICOBA ameandika humo hisa na mikopo ya wanachama 30. Kijana wa nyumbani anafuta maandishi hayo ili apate mahali pa kuweka filamu. Je, siku ya kugawana fedha, nani atajua nani ana hisa ngapi? Ugomvi utaanzia hapo.

NAFASI INALIWA NA NINI?

Ndani ya kompyuta kuna diski. Diski ni kama kihenge cha mahindi. Kila unachohifadhi kinaingia humo, na kihenge hakiongezeki chenyewe. Mahindi tunayapima kwa magunia. Diski inapimwa kwa gigabaiti, kwa kifupi GB. GB 1 ni karibu sawa na megabaiti 1,000, kwa kifupi MB.

Sasa angalia vizuri. Ukurasa mmoja wa maandishi matupu hauli hata sehemu moja ya mia ya MB 1. Picha moja ya simu inakula kama MB 3 hadi 5. Video ya dakika moja inaweza kula MB 100. Kwa hiyo video ya harusi ya dakika 10 inaweza kujaza GB 1 nzima!

Kumbe basi, daftari la kikundi, barua na kumbukumbu za mkutano wa kijiji havijazi kompyuta. Hata ukivifuta vyote hutaona tofauti. Vinavyojaza ni filamu, video na programu kubwa. Anza na hivyo.

(Zamani hali ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine yenye diski iliyokuwa kubwa kama makabati. Ilibeba herufi milioni 5 tu. Hiyo ni kama picha moja ya simu ya leo.)

TAZAMA KWANZA

Kompyuta nyingi zinatumia Windows, kwa hiyo nitaeleza hiyo. Kwenye kibodi kuna kitufe chenye alama ya dirisha. Kibonyeze pamoja na herufi E. Kisha chagua maneno This PC. Utaona mstari unaoonyesha diski imejaa kiasi gani. Mstari ukiwa mwekundu, nafasi iliyobaki haifiki sehemu moja ya kumi. Usingoje ifike hapo. Diski ikijaa kabisa, Windows inashindwa kupokea marekebisho yake, na mengine ya marekebisho hayo ndiyo yanayozuia wezi wa kwenye intaneti.

Kabla hujafuta lolote, weka nakala ya vitu muhimu katika flashi au diski ya nje. Ukimaliza kunakili, fungua nakala hiyo uisome. Watu wengi wanaruka hatua hii. Wanaona jina la faili kwenye flashi, wanaridhika, wanafuta lile la kwanza. Baadaye faili la kwenye flashi halifunguki. Na umeme wenu ukiwa ni wa kukatikakatika, subiri wakati ambapo betri imejaa.

KUFUTA

Ukifuta kitu, hakitoki mara moja. Kinakwenda katika pipa la taka, liitwalo Recycle Bin. Ni sawa na kutoa gunia kihengeni na kuliweka kwenye kona ya nyumba ile ile. Nafasi bado imeliwa. Inapatikana ukilimwaga pipa. Hebu lifungue kwanza utazame kilichomo, ndipo umwage. Lakini kumbuka, ukifuta kitu kilichomo ndani ya flashi, kwa kawaida hakipiti kwenye pipa. Kimekwenda moja kwa moja.

Baada ya pipa, tazama folda iitwayo Downloads. Humo vinakaa vitu vyote vilivyotolewa kwenye intaneti. Mara nyingi utakuta filamu ile ile mara mbili.

Programu usiyoitumia usiifute kwa kuondoa picha yake kwenye kioo. Hiyo picha ni kama kibao cha njia tu. Ukiking'oa, nyumba bado ipo. Nenda kwenye Settings, halafu Apps, utafute jina lake, uchague Uninstall.

Tena katika Settings, chini ya System kuna Storage, na humo kuna Temporary files. Hayo ni mabaki ya kazi za kompyuta yenyewe. Unaweza kuyaondoa. Ila katika orodha hiyo hiyo, Downloads nayo imo. Usiweke alama hapo kama hujaikagua.

Folda zenye majina Windows na Program Files usiziguse. Majina yake ni mageni na ni kubwa, zinatamanisha kufutwa. Lakini ndizo nguzo za nyumba. Ukizifuta kompyuta inaweza isiwake tena.

Jihadhari pia na matangazo ya kwenye intaneti yanayosema, "Kompyuta yako ni chafu, bonyeza hapa tuisafishe bure." Usibonyeze. Mengi ni mitego ya kuingiza virusi. Kama faili zako zinahifadhiwa pia kwenye intaneti kwa OneDrive, ujue kwamba ukizifuta kwenye kompyuta, na kule zinafutika.

UMEFUTA KITU KWA BAHATI MBAYA?

Fungua pipa la taka. Kama kimo, kibonyeze kwa upande wa kulia wa kipanya, uchague Restore. Kitarudi mahali pake.

Kama pipa limekwisha kumwagwa, acha kuitumia kompyuta hiyo mara moja. Usiandike kitu, usiweke wimbo. Katika diski za zamani zinazozunguka, kitu kilichofutwa hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Fundi anaweza kukipata akiwahi. Katika diski mpya za SSD, ni vigumu sana hata kwa fundi. Mpelekee fundi ikiwa imezimwa, na umweleze ni faili gani unalolitafuta na ulilifuta lini.