Kitunga cha Wagenia: kuvua leo bila kumaliza samaki wa kesho



Kila mtu wa Kisangani anajua maporomoko ya Wagenia. Ni ya mwisho kati ya maporomoko saba ya Boyoma, yanayofuatana toka Ubundu kwa karibu kilometa 100. Stanley alipopita hapa mwaka 1877, Wagenia walikuwa tayari wanavua katikati ya maji makali. Leo wageni wanakuja kupiga picha. Lakini sisi wakulima na wavuvi wa vijito, kuko kitu cha kujifunza pale.

Mtego unafanya kazi namna gani?

Wavuvi wanasimika miti mikubwa ndani ya mashimo ya mawe, na kuifunga pamoja kwa kamba za pori. Kwenye miti hiyo wananing'iniza vitunga vikubwa vya fito na kekele. Mdomo wa kitunga ni mpana sana, nyuma ni pembamba. Samaki akisukumwa na maji anaingia, anabanwa, hawezi tena kugeuka. Asubuhi na jioni watu wanapanda mitumbwi kwenda kuangalia.

Tazama mambo mawili. La kwanza, fito za kitunga zimeachana: maji yanapita, na samaki wadogo wanapita pamoja nayo. La pili, kila jamaa iko na mahali pake, toka kwa wazee mpaka watoto. Mtu hatoki tu huko na kuweka kitunga chake anapotaka. Kwa hiyo mtego huu ni chombo, na pia ni sheria.

Si Wagenia peke yao wanaofanya hivyo. Kule Uskoti, Ulaya, kuko mito ya milimani yenye samaki wanaoitwa samoni. Samoni wanatoka bahari na kupanda mto kutaga mayai. Watu wa kule wanafunga uvuvi wake kwa miezi fulani kila mwaka, na siku ya Mungu kumvua samoni ni marufuku. Wanajua: ukimkamata mama kabla hajataga, umekula na watoto wake.

Kwetu ni vilevile. Maji yakipanda, samaki wengi wanaingia pori lililojaa maji juu ya kutaga. Ngolo jike mmoja mkubwa anabeba mayai maelfu na maelfu. Mtu anayeziba kijito kwa neti ya mbu wakati huo anatoa vitoto ambavyo havijazi hata sahani. Anayemwaga sumu ndiye mubaya zaidi: anaua samaki, mayai na vidudu wanavyokula, na watu wa chini wanakunywa maji yaleyale.

Ushirika ufanye nini?

1. Neti ya mbu ibaki kwenye kitanda, kukinga watoto na malaria. Isiende mtoni.
2. Sumu ya majani au dawa ya shamba isitiwe majini hata kidogo. Ukimaliza kupulizia mimea, usioshe pompi wala bidoni kwenye kijito.
3. Kaeni na chifu na wavuvi, mchague sehemu za kutagia, na mzifunge wakati maji yanapanda. Tangazeni siku ya kufunga na ya kufungua, ili asiwepo wa kusema "sikujua".
4. Acheni miti kando ya maji. Ukilima mpaka ukingoni, mvua inashusha udongo na kufunika mayai.
5. Mvuvi mwenye wavu wa matundu madogo asifukuzwe tu. Ushirika unaweza kumkopesha feza anunue mwingine, akalipa kidogo kidogo.

Kuna watakaosema: "Nikimwacha mimi, mwingine atamkamata." Ndiyo maana neno hili haliwezi kuwa la mtu mmoja. Lipelekeni kwenye mkutano unaokuja, liandikwe kwenye kitabu cha ushirika. Mkulima hali mbegu yake yote. Na mto pia uko na mbegu yake.