Kupimwa Mkojo kwa Mama Mwenye Mimba Asiyeumwa

Wanawake wengi wa Mbeya na Iringa, waambiwapo kliniki watoe mkojo, hustaajabu: "Mimi siumwi popote, wanapima nini?" Swali hili si la ujinga, nasi twapenda kulijibu, maana hata waume huliuliza waombwapo nauli.

Mwanamke aweza kuwa na vijidudu vingi katika kibofu, wala asione uchungu wala homa. Asiye na mimba aghalabu hapati madhara. Kwa mwenye mimba si hivyo. Mji wa mimba hukandamiza mirija itokayo katika figo, nayo mirija yenyewe hulegea. Mkojo huenda polepole, na vijidudu hupata njia ya kupanda. Katika miaka ya 1950 Daktari Edward Kass, wa Boston huko Marekani, alionyesha ya kuwa wanawake hao wasipotibiwa wengi huja kuugua figo. Hukadiriwa kuwa katika 100 wasiotibiwa, 20 hata 30 hupatwa na homa kali ya figo, na mtoto aweza kuzaliwa kabla ya wakati wake.

Kijiti kinachotumbukizwa katika mkojo na kubadilika rangi ni chepesi, lakini huwaacha wengine wenye vijidudu wakaambiwa ni wazima. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha: mkojo hutiwa katika chakula cha vijidudu na kuwekwa siku moja au mbili, na hapo hujulikana pia ni dawa gani iwezayo kuviua. Kazi hii yataka maabara ya hospitali kubwa, kama Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Hapo ndipo penye taabu kwa mama wa milima ya Rungwe au Kilolo. Kupeleka chupa kwa basi hakufai, kwa kuwa mkojo ukikaa zaidi ya saa mbili bila jokofu vijidudu huzidi na jibu huharibika. Baridi ya Mufindi si jokofu! Ni afadhali mama aende mwenyewe.

Akifika, na anawe kwanza, aache mkojo wa mwanzo upite, kisha akinge wa katikati katika kikopo alichopewa na muuguzi, si chupa ya mafuta ya nyumbani.

Vijidudu vikionekana, hupewa dawa isiyomdhuru mtoto. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilishauri siku 7. Azimalize zote, ingawa hakuumwa tangu mwanzo, kisha arudi kupimwa tena.