Nesi mgeni anapompokea mwanao dharura

“Huyu binti ndiye atakayemhudumia mwanangu? Hakuna mtu mzima hapa?”

Swali hilo nimelisikia mara nyingi katika idara ya dharura, hasa usiku. Mzazi amefika na mtoto anayehema kwa shida, na anayempokea ni nesi ambaye sare yake bado mpya. Namwelewa mzazi huyo, hata mimi ni mama. Ila ningependa ajue nesi huyo anafundishwa nini, na nani anapaswa kuwa karibu naye.

Nesi aliyemaliza chuo na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga anaijua kazi yake. Lakini dharura ina mambo yake. Wodini mgonjwa hufika na faili lenye jina la ugonjwa. Dharura anabebwa mgongoni au anashushwa kwenye bodaboda, na hakuna anayejua ana nini. Huduma yenyewe ni changa nchini: idara ya tiba ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010.

Pale mambo yanapofanywa vizuri, nesi mgeni haachwi zamu peke yake. Anaambatana na mzoefu anayemlea, wiki hadi wiki. Anaanza na kazi inayoonekana ndogo: kila zamu inapoanza anafungua toroli ya dharura, droo moja baada ya nyingine. Je, mtungi una oksijeni? Mashine ya kufyonza makohozi inafyonza? Mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa una barakoa inayomtosha mtoto mchanga? Saa nane usiku si wakati wa kutafuta barakoa.

Kisha anajifunza kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu. Ndiyo maana aliyefika baada yako anaweza kutangulizwa. (Najua mnavyosema: “Huyo kajuana na mtu.” Mara nyingi sivyo.) Ukimwona anamtazama mwanao kifuani huku macho yakirudi kwenye saa, mwache kidogo, usimsemeshe. Anahesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40 au zaidi, anapumua haraka kupita kawaida.

Na ukimsikia akirudia kwa sauti kipimo cha dawa nilichomtajia, usidhani hajui kazi. Tunamtaka arudie ili kama mimi nimekosea au yeye amesikia vibaya, tugundue kabla dawa haijaingia mwilini.

Somo gumu kuliko yote ni kumwambia daktari kwamba hujaridhika.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku, nikimshona kijana aliyepata ajali ya pikipiki. Nesi mwenye miezi miwili kazini akaja: “Dokta, kuna mtoto wa miezi minane, anaharisha, simwelewi.” Nikamjibu bila kuinua kichwa: mpe maji ya chumvichumvi, nakuja. Akaondoka. Dakika chache baadaye akarudi, sauti ikitetemeka: “Dokta, mikono na miguu ni ya baridi. Nimembonyeza ukucha, damu imechukua zaidi ya sekunde tatu kurudi. Mapigo ni ya haraka na dhaifu. Mama anasema hajanyonya tangu jioni. Naomba uje sasa.”

Nilimwachia mwenzangu sindano nikaenda. Mtoto alikuwa amepungukiwa maji kiasi cha damu kushindwa kuzunguka vizuri. Tulimwekea dripu, tukampima sukari, tukakaa naye hadi alfajiri. Asubuhi alinyonya. Dakika zile zilizopotea zilikuwa zangu, na nilimwambia hivyo nesi mbele ya wenzake.

Mara ya kwanza alileta wasiwasi, mara ya pili akaleta alichokiona na akasema anachotaka nifanye. Hilo linafundishika, na mzoefu aliyekuwa akimlea ndiye aliyemwambia, “Rudi kwake, mwambie hivi.” Asingekuwapo, sijui kama binti yule angethubutu kurudi.

Nanyi wazazi mna nafasi katika hili. Njoo na kadi ya kliniki, maana dawa za mtoto hupimwa kwa uzito wake. Beba dawa ulizokwisha kumpa, hata za kienyeji; hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza, sema tu. Mweleze nesi kilichobadilika na saa kilipobadilika: “tangu saa kumi hajakojoa” inatusaidia kuliko “anaumwa sana.”

Mkiwa kwenye foleni, mtoto akianza kulegea, kushtukashtuka au kuvuta mbavu ndani anapopumua, usingoje kuitwa. Nyanyuka, mwambie nesi huyohuyo mgeni. Ukiona amesita, muulize kwa upole: “Sista, nani kiongozi wa zamu leo? Twende wote tukamwambie.”