Mashine ya Kufagia na Saa za Mwanafunzi
Mwaka 2002 kampuni ya iRobot ya Marekani ilianza kuuza Roomba, mashine ifagiayo sakafu pasipo kushikwa na mtu. Siibezi, faida yake ni kumrudishia mwenye nyumba muda wake. Lakini katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni ua ni wa udongo, na vumbi hunyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa, maji yaliyobebwa kutoka mbali. Kwetu, naona, mtumishi asiyechoka ni bwawa la mchanga: ukuta hujengwa katika mto wa msimu, mchanga ukajaa nyuma yake na kuyahifadhi maji yasikaushwe na jua. Halihitaji umeme. Walimu wenzangu, tuwaulize wanafunzi, hasa wasichana: saa ngapi za masomo huishia mtoni? Maendeleo yapimwe kwa saa hizo.