Aliyenunua Parseli Anapokataa Kulipa

Huko Kasha, pembezoni mwa Bukavu katika komuni ya Bagira, je, aliyetia sahihi kununua parseli anaweza kukataa kulipa salio?

Anaweza, akiwa na sababu inayotambuliwa na sheria. Amri ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado ni msingi wa mikataba nchini Kongo, haikubali ridhaa iliyotolewa kwa kukosea, kutishwa au kulaghaiwa. Kuuza mali ya mtu mwingine ni batili. Tena, tangu sheria ya 1973, ardhi yote ni ya Serikali, na haki ya kuitumia huthibitishwa na cheti cha usajili. Karatasi ya mashahidi haitoshi kuonyesha kuwa muuzaji ana haki hiyo.

Vita je? Waasi wa M23 walipouteka mji wa Bukavu Februari 2025, benki zilifungwa. Mdaiwa aliyezuiwa kabisa kulipa ana hoja ya kuepuka fidia ya kuchelewa. Deni hubaki.