Neno moja ndani ya saa 2 na dakika 47

MPOFI – Siku tulipotoka ku mukutano ule, sisi wa komite ya wachimbaji tulitembea na furaha. Sauti ilikuwa mukononi. Tulirekodi kwa telefone mbele ya wote, na wakubwa wa koperative wenyewe walikubali turekodi. Kila mutu alikuwa anasema: "Safari hii hawatakataa. Maneno yao iko humu."

Posho tatu kisha, mama mumoja mujane alikuja kutuona. Bwana yake alifunikwa na udongo ndani ya shimo wakati wa mvua. Alikuwa ameenda kuomba musaada ambao uliahidiwa ku mukutano kwa jamaa za wale waliofia mashimoni. Walimujibu hivi: "Mama, ile maneno haikusemwa." Hakulia mbele yetu. Alituambia tu: "Ninyi muko na sauti. Mufungue, tusikie."

Tukafungua. Hapo njo tuliona shida. Sauti ya saa 2 na dakika 47 ni kama andaki refu bila toroshi. Unasukuma kidole ku kioo, unaangukia salamu. Unasukuma tena, unaangukia mabishano ya mizani. Unarudisha kidogo, unakuta mutu anakohoa. Batri ikaisha mbele tufikie lile neno. Mama akarudi nyumbani bila kusikia kitu, na sisi tukabaki na haya.

Tunaandika hapa yale tuliyojifunza kisha siku ile, juu tunajua komite nyingi ziko na sauti kama ile ndani ya telefone, na hakuna mutu anayezisikiliza tena.

Sura ziko ndani ya fishie

Mutu anayesali anajua hii: mutumishi akisema "Matayo, sura ya 5", kanisa yote inafungua fasi moja. Hakuna anayeanzia Mwanzo. Na wale waliokaa ndani ya nyumba za filme wanakumbuka telekomande ya DVD: unabonyeza mara moja, filme inaruka mpaka fasi ingine. Filme ile haikukatwa vipande. Ni moja, lakini iko na alama ndani.

Fishie ya sauti pia inaweza kubeba alama kama hizo. Kijana mumoja wa komite yetu, aliyejifunza ordinatere kule Goma, njo alituonyesha. Alisema: "Wazee, mufikiri gunia la kasiterite na etikete yake. Gunia linaondoka Walikale, linafika Goma, na etikete iko palepale." Sura vilevile zinaandikwa ndani ya fishie yenyewe. Ukiipeleka kwa Bluetooth ao kwa karte memwari, zinaenda nayo.

Kila sura iko na vitu vitatu: inaanzia wapi, inaishia wapi, na jina lake. Wakati unahesabiwa mara nyingi kwa milisegonde, maana yake segonde 1 inakuwa 1 000. Sura ambayo mama yetu alikuwa anatafuta inaanza kisha saa 1, dakika 52 na segonde 30. Ndani ya fishie imeandikwa 6 750 000. Programu inasoma namba hiyo, inaruka moja kwa moja, na musemaji anaanza kusema.

Lakini kila aina ya fishie inaficha sura zake fasi yake. Ku MP3, ziko ku mwanzo wa fishie, ndani ya kile kinachoitwa ID3, pamoja na jina la mwimbo na la mwimbaji. Kanuni ya kuandika sura humo ilitoka mwaka 2005. Ku M4A, ambayo telefone nyingi zinatoa wakati wa kurekodi, ziko fasi ingine. Ku video za MKV, ingine tena. Njo maana programu moja inasoma sura za fishie hii na kushindwa ile: haijui mulango wa kuingilia.

Tena jambo moja la kushika: programu haisikilizi maneno. Haijui kama mama analia ao mukubwa anaahidi. Inasoma paka namba na majina ambayo mutu aliandika. Kwa hiyo lazima mutu asikilize kwanza.

Ginsi tulifanya

Tulikaa watu wawili, daftari moja, usiku mbili. Mumoja anasikiliza, mwingine anaandika dakika. Tukapata sura 7:

1. Salamu na majina ya mashimo
2. Karte ya muchimbaji
3. Mizani na bei
4. Urefu wa shimo
5. Pompe ya maji
6. Ahadi kwa jamaa za waliofunikwa
7. Maswali

Kisha kijana wetu akatumia programu ya bure inayoitwa FFmpeg, ambayo Mufaransa Fabrice Bellard alianzisha mwaka 2000. Aliandika orodha yetu ndani ya fishie ndogo ya maandishi. Mustari wa kwanza ni ;FFMETADATA1. Chini yake, kwa kila sura: [CHAPTER], kisha TIMEBASE=1/1000, kisha START na END na namba zake, kisha title na jina la sura. FFmpeg ikaunganisha orodha na sauti. Aliongeza maneno "-codec copy", maana yake sauti yenyewe isiguswe.

Kisha akahakikisha. Aliandika: ffprobe -show_chapters mukutano.m4a. Ordinatere ikatoa sura zote 7, kila moja na mwanzo wake, mwisho wake na jina lake. Wenye kuwa na ordinatere ku sekretaria ao ku nyumba ya kufotokopia wanaweza kufanya hivyo na fishie yoyote, ili kujua kama iko na sura ao hapana. Asiyependa kuandika amri afungue fishie na VLC: menyu "Lecture", kisha "Chapitre", na orodha inaonekana. VLC pia ni ya bure. Ilianza mwaka 1996 kwa wanafunzi wa École Centrale Paris. Ku telefone, programu za kusikiliza vitabu vya sauti zinaonyesha sura muzuri.

Ile siku ya kurudi

Tulirudi kwa wakubwa wa koperative, mama akiwa katikati yetu. Hatukubishana. Tuliweka telefone na spika ndogo ku meza, tukafungua sura ya 6. Haikupita segonde tano, sauti ikatoka. Aliyetoa ahadi ile alikuwa amekaa mbele yetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa, akasema: "Ni mimi. Nilisema vile."

Mama alipata sehemu ya kwanza ya ile feza. Kwa sehemu iliyobaki walitoa tarehe, na tarehe hiyo nayo tuliirekodi. Hatusemi kwamba mambo yote yameisha. Tunasema kwamba hakuna aliyeweza kumuambia tena yule mama kwamba maneno haikusemwa.

Tangu pale tunaona watu wanafungua sura zingine pia. Mutu akiombwa karte yake barabarani, anasikiliza sura ya 2, fasi tulielezea kwamba Kodi ya madini ya 2002, iliyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inatoa karte ya muchimbaji kwa Mukongomani mutu muzima aliye ndani ya koperative iliyokubaliwa. Vijana wanaoshindana kuteremuka chini zaidi wanafunguliwa na mama zao sura ya 4, kuhusu mita 30 ambazo shimo halipashwi kupita.

Mitego tuliyokuta

Wa kwanza: WhatsApp. Ukipigisha sauti mbele ya telefone ingine ili ifanye "vocal", sura zinabaki nyuma, juu ile ni fishie mupya. Tuma fishie yenyewe kwa njia ya "Document".

Wa pili: telefone zingine zinapiga sauti lakini hazionyeshi sura. Usifikiri zimepotea. Jaribu programu ingine mbele ya kusema fishie imeharibika.

Wa tatu: kukata. Mutu mumoja aliona salamu ni ndefu, akaondoa dakika 10 za mwanzo. Namba za sura zikabaki zilezile, na kila sura ikaangukia dakika 10 kisha fasi yake. Fishie ya kwanza, ile iliyotoka ku telefone, msiiguse kabisa. Muiweke ku karte memwari ya pembeni. Mutu akisema mumechezea sauti, mutamuonyesha hiyo.

Wa ine njo mukubwa zaidi. Majina ya sura yanasomwa na kila mutu anayepata fishie, hata bila kusikiliza. Na sisi tunaoishi kati ya Masisi na Walikale tunajua telefone inaweza kuanguka mukononi mwa nani njiani. Musiandike kamwe jina la mutu aliyelalamika ao la shahidi. Tuliandika "Ahadi kwa jamaa", hatukuandika jamaa ya nani.

Mukutano ukija

Wandugu wachimbaji na mama zetu, hii kazi ni nyepesi ikianza siku ileile. Muchague watu wawili. Mumoja ashike telefone, na aseme kwa sauti mbele ya wote kwamba anarekodi. Wa pili ashike daftari na saa. Kila wakati maneno inabadilika, aandike dakika na jina fupi la jambo lile. Hamutakesha usiku mbili kama sisi.

Yule mama hajui kusoma. Alituomba tumuonyeshe fasi ya kubonyeza, tukamuonyesha. Sasa akifika nyumbani kwa mutoto wake mwenye telefone, anahesabu kwa kidole ku kioo mpaka ya sita, na anasikiliza mwenyewe.