Muulize Bibi Bei ya Chumvi

Familia nyingi zikiamua kurekodi habari za wazee wao huanza na ukoo: tulitoka wapi, babu wa babu aliitwa nani, nani alikuwa mtemi. Mzee huyataja majina yaleyale anayoyataja kila harusi na kila matanga, kwa mpangilio uleule, kisha simu inazimwa. Majina hayo yana thamani yake, ila si ndiyo yaliyo hatarini zaidi, kwa kuwa husemwa mbele za watu na wengi wameyashika. Yanayopotea ni yale asiyoyauliza mtu: chumvi ilipatikanaje wakati wa vita, nani alimfundisha bibi kushona, nyumbani walikula nini miezi ile baba alipokuwa mkongeni Tanga na haikuja hata salamu.

Katika kazi hii ya kukusanya masimulizi, mfano ninaourudia mara nyingi ni wa wanawake watatu wa Mombasa: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy. Miaka ya 1970 walisimulia maisha yao mbele ya kinasa sauti, na watafiti Sarah Mirza na Margaret Strobel wakayatoa kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili mwaka 1991. Hakuna kati yao aliyekuwa mtawala. Walizungumza juu ya harusi, ngoma za lelemama, mabwana na watumwa, ndoa zilizodumu na zilizovunjika. Leo anayetaka kujua jinsi habari ya nani muungwana na nani mtumwa ilivyoendelea kukaa ndani ya nyumba za Mombasa, miaka mingi baada ya sheria ya 1907 kuufuta utumwa, hana budi kuwasikiliza. Mafaili ya serikali hayana sauti hiyo.

Umri nao hausubiri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mtoto wa miaka kumi vita vilipoanza alikuwa ameshapita sabini. Walifika mlango ukiwa unafungwa. Mlango wetu sisi ni ule wa Uhuru: aliyekuwa na miaka ishirini Tanganyika ilipojitawala, Desemba 9, 1961, sasa amepita themanini.

Jambo la kwanza ni namna ya kuuliza. Ukimuuliza mzee, "Ulizaliwa mwaka gani?" atakupa mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho, ambao mara nyingi ulikisiwa na karani. Wahesabu watu wa sensa wana njia bora, nayo ni kalenda ya matukio. Muulize hivi: "Bibi, mlipohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, mama alikuwa ameshazaliwa? Alikuwa anatambaa au anatembea?" Operesheni hiyo ilishika kasi mwaka 1974, hivyo umeshapata umri wa mama yako, na juu yake umepata habari ya kuhama. Kenya kuna hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, Zanzibar kuna Mapinduzi ya Januari 1964, na vijana zaidi wana Vita vya Kagera au mvua za El Niño za 1997. Kila eneo lina njaa yake na nzige wake. Orodhesha matukio ya kwenu kabla hujakaa mkekani.

Vitu pia hufungua vinywa. Mpelekee kadi yake ya TANU, kanga ya zamani, cherehani iliyoharibika, picha ya watu asiowajua mwingine. Akiweza kutembea, nenda naye hadi palipokuwa na nyumba ya zamani. Mtu akisimama mahali hukumbuka mlango ulitazama wapi, na kutoka mlangoni hufika kwa jirani, na kwa jirani ndiko kwenye kisa.

Nani aulize? Hapa mila zetu zimetusaidia kuliko kitabu chochote cha mbinu za utafiti. Mkwe hawezi kumuuliza mkwewe habari za posa zilizokataliwa, na mtoto huona haya. Lakini mjukuu na bibi ni watani katika makabila yetu mengi. Bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu," na kwa utani huo huulizika na hujibu mambo ambayo hajawahi kuwaambia wanawe. Mpe mjukuu simu. Wewe mtu mzima kaa pembeni, au ondoka kabisa.

Mwacheni mzee aseme kwa lugha anayoiota. Kama ni Kihehe iwe Kihehe, kama ni Kimvita iwe Kimvita. Kutafsiri kunaweza kusubiri, mzee hawezi. Na wazee wawili wakipingana kuhusu shamba au mahari, hifadhi kauli zote mbili bila kuamua nani mkweli. Jan Vansina, aliyewafundisha wanahistoria wengi kuyapima masimulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba masimulizi hubeba pia haja za wakati yanaposimuliwa. Palipo na urithi unaogombewa, hilo huonekana waziwazi.

Ruhusa iombwe na isikike kwenye rekodi yenyewe: nani asikilize, na lini. Zipo habari za asili ya utumwa, za mtoto wa nje, za aliyemsaliti nduguye, ambazo mzee atazitoa kwa sharti zisifunguliwe yeye akiwa hai. Sharti hilo liheshimiwe. Kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ni kumvunjia heshima, na hakuna mzee mwingine atakayekuamini tena.

Kuhusu kifaa, simu inatosha. Iweke kwenye hali ya ndegeni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu na msemaji. Zima feni na televisheni, na usirekodi chini ya bati mvua ikinyesha. Anza kwa kutaja tarehe, mahali na majina ya waliopo. Rekodi isiyo na maneno hayo itakuwa sauti ya bibi fulani baada ya miaka arobaini. Ukiweza, chagua mfumo wa WAV. Saa moja ya sauti ya chaneli moja huchukua takriban megabaiti 300 au zaidi, kutegemea ubora uliochagua. Weka nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine au mji mwingine. Kaseti za zamani, zikiwemo zile ambazo jamaa walitumiana kutoka Muscat na Dubai, zihamishiwe kwenye kompyuta mapema, kwani joto na unyevu wa pwani huziotesha ukungu. Vunja vile vipande viwili vya plastiki ukingoni mwa kaseti, mtu asije akarekodi muziki juu ya sauti ya marehemu.

Kisha iandike, hata kwa mkono kwenye daftari. Saa moja ya mazungumzo hula saa nne hadi sita za kuandika, kwa hiyo gawaneni vijana wa ukoo. Na mkienda nyumbani likizo hii, msianze na yule mzee msemaji ambaye kila mtu ameshamsikia. Anzeni na bibi mkubwa kuliko wote, anayekaa jikoni na hajawahi kuulizwa.